Kujiandaa kwa ultramarathoni ya siku kadhaa: jifunze kuondoka tena siku ya pili

Kukimbia kilomita 50 milimani ni kazi. Kuamka kesho yake miguu imekaza, mabega yanauma, na kilomita 50 nyingine zinakusubiri, hiyo ni kazi ya namna nyingine kabisa. Wengi wanaojiandikisha kwa ultramarathoni, yaani mbio ndefu kuliko marathoni, za siku nyingi hujiandaa kwa siku ndefu, lakini asubuhi inayofuata hawaifikirii. Mwongozo huu umejengwa juu ya asubuhi hiyo. Mazoezi, viatu, chakula, usingizi, hata namna ya kuvua soksi jioni, vyote hapa vinapimwa kwa swali moja: kesho utaweza kuondoka tena?

Ninachukulia kwamba unakimbia tayari, na kwamba umewahi kumaliza marathoni au mbio za porini zinazolingana nayo bila kuumia. Kama bado, jipe mwaka mzima. Miezi sita ninayoieleza hapa ni ya mtu ambaye mifupa na kano zake zimeshazoea kugonga ardhi.

Anza na kanuni za mbio, viatu baadaye

Mbio hizi hazifanani. Marathon des Sables, iliyoanza mwaka 1986 kusini mwa Moroko, ni takriban kilomita 250 za jangwa, na kila mshiriki hubeba chakula chake na begi la kulalia. Waandaaji humpa maji na hema. Dragon's Back Race ya Wales ni siku 6 na takriban kilomita 380 za milima, lakini mzigo wa kambini husafirishwa na chakula cha jioni hupikwa. Tor des Géants ya Italia, takriban kilomita 330 na mita 24,000 za kupanda, haina mapumziko ya usiku yaliyopangwa: saa inahesabu mchana na usiku hadi saa 150 zitimie, na kulala ni juu yako. Anayejiandaa kwa moja ya hizi kwa mpango wa nyingine anajitafutia taabu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, soma kanuni zote na uandike mahali: urefu wa kila siku na mita za kupanda na kushuka, saa za kufungwa kwa vituo vya njiani (ukichelewa unaondolewa), vifaa vya lazima, nani anabeba nini, maji yanapatikana wapi, na joto la mchana na baridi ya usiku katika majira hayo.

Kisha piga hesabu. Njia rahisi ni kuchukua kila mita 100 za kupanda kama kilomita moja ya ziada. Siku ya kilomita 40 na mita 2,000 za kupanda inakuwa sawa na kilomita 60. Ukitaka kujua kama utafika vituoni kabla havijafungwa kwa kutembea tu, kipimo cha Mskoti William Naismith cha mwaka 1892 bado kinafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Siku hiyohiyo itakuchukua saa 11 na dakika 20. Kama mstari wa mwisho unafungwa baada ya saa 12, umebakiwa na dakika 40 tu za kula, kujaza maji, kujifunga plasta na kupotea njia. Hapo unajua kwamba tambarare zote utalazimika kukimbia. Hesabu hii ifanye kwa kila siku ya mbio, kwa sababu ndiyo itakayokuambia ufanye mazoezi gani.

Miezi sita ya mazoezi

Wiki nane za kwanza ni za kujenga msingi. Kimbia siku nne au tano kwa wiki, karibu zote kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Hesabu saa badala ya kilomita, maana kilomita 10 za mlimani zinaweza kukuchukua mara mbili ya zile za barabarani. Kila wiki ya nne punguza muda kwa karibu theluthi moja. Moyo na mapafu huimarika upesi. Kano na mifupa huchelewa, na wengi huumia katika pengo hilo. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayokusumbua hata ukiwa umelala, si uchovu. Nenda kwa daktari kabla hujakimbia tena. Mwanamke anayekosa hedhi katika kipindi cha mazoezi mazito naye asilipuuze jambo hilo, kwani mara nyingi ni dalili kwamba chakula anachokula hakitoshi kazi anayoifanya, na mifupa ndiyo itakayolipa.

Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, nusu saa inatosha: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kushuka polepole kutoka kwenye ngazi, kunyanyua visigino kwa ajili ya vigimbi na ukano wa kisigino, na mazoezi ya mgongo na tumbo. Ukishaanza kubeba begi utaelewa kwa nini mgongo umetajwa.

Wiki kumi zinazofuata ndizo kiini cha mpango. Wiki ya kawaida inaweza kuwa hivi: Jumatatu pumziko, Jumanne saa moja yenye vipande vitano au sita vya kupanda mlima kwa nguvu, dakika tatu hadi tano kila kimoja, Jumatano dakika 45 rahisi pamoja na mazoezi ya nguvu, Alhamisi dakika 75 hadi 90 rahisi, Ijumaa nguvu tena au pumziko, Jumamosi saa tatu hadi tano kwenye ardhi inayofanana na ya mbio, Jumapili saa mbili hadi nne, tena milimani.

Jumapili ndiyo zoezi lenyewe. Jumamosi inakuchosha tu ili Jumapili ikufundishe. Ndiyo maana Jumamosi usikimbie kwa sifa: ukiikamilisha huku umeishiwa kabisa, Jumapili utakuwa unaburuta miguu na mwendo wako umeharibika, na hakuna ulichojifunza. Kipimo changu ni hiki: saa ya kwanza ya Jumapili iwe ngumu, ya pili iwe nafuu kidogo. Kama ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, Jumamosi ilikuwa ya haraka mno.

Wiki tano au nne kabla ya mbio, panga siku tatu mfululizo: saa nne, saa sita, saa nne. Beba begi la mbio, vaa nguo za mbio, kula chakula cha mbio tu, na ulale chini kwenye mkeka utakaoutumia. Kikwazo chochote kitakachojitokeza hapo ni bahati njema, maana bado una mwezi wa kukirekebisha. Baada yake chukua wiki nzima nyepesi.

Miteremko ndiyo inayovunja miguu

Sehemu hii ndiyo ninayoona inapuuzwa kuliko zote. Ukipanda, misuli inajikunja na kusukuma. Ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja inajikaza huku inarefushwa, kama breki, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoacha michaniko midogo ndani ya nyuzi za misuli. Maumivu yake hayaji palepale. Hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye. Piga hesabu mwenyewe: ukishuka ovyo siku ya kwanza, adhabu inakukuta siku ya pili na ya tatu, siku ambazo mara nyingi ndizo ndefu zaidi.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Zoezi moja la kushuka, hata la wastani, huikinga misuli kwa wiki kadhaa dhidi ya uharibifu uleule. Anza na jumla ya mita 300 za kushuka katika zoezi moja, uongeze taratibu hadi 1,000 au 1,500, mara moja kila siku 10 hadi 14. La mwisho kubwa liwe wiki tatu kabla ya mbio, si baadaye.

Asiye na mlima atumie ngazi za jengo refu, akishuka kwa miguu kila anapopanda, na aongeze zoezi la kushuka polepole kwa mguu mmoja kutoka kwenye benchi. Kwenye mteremko wenyewe, piga hatua fupi za haraka, magoti yasinyooke kabisa, macho yatazame mita chache mbele badala ya kuangalia vidole vyako. Hatua ndefu yenye kisigino mbele ni breki, na breki ndiyo inayokuchana.

Jingine: jifunze kutembea. Wapo wanaoona haya kutembea kwenye mazoezi, halafu siku ya mbio wanatembea nusu ya njia, vibaya. Fanya zoezi moja kwa wiki la kutembea kwa kasi kupanda mlima, mikono ikisukuma mapaja au ukitumia fimbo mbili kama kanuni zinaziruhusu. Fimbo huipunguzia miguu mzigo, lakini huchosha mabega ya mtu ambaye hajazizoea. Zitumie miezi miwili kabla, siyo kuzifungua kwenye kambi ya kuanzia.

Begi na uzito wake

Chukua mizani ya jikoni. Pima kila kitu, hata mswaki, uandike gramu zake. Orodha hiyo itakuonyesha mambo ambayo macho hayakuonyeshi. Kwa miaka mingi Marathon des Sables imetaka begi la kuanzia lisipungue kilo 6.5 wala kuzidi 15 bila maji, na wanaokaribia 15 huteseka. Ukiongeza lita moja na nusu ya maji, umeongeza kilo moja na nusu.

Vitu vitatu ndivyo vyenye uzito mkubwa: begi lenyewe, begi la kulalia na chakula. Anza kupunguza hapo. Kukata mpini wa mswaki kunafurahisha, lakini begi la kulalia jepesi kwa gramu 400 lina faida kuliko vitu vidogo ishirini vilivyokatwa ncha. Usiende kupita kiasi hata hivyo. Anayetetemeka usiku kucha halali, na asiyelala hapati nafuu. Jangwani usiku unaweza kuwa wa baridi kali baada ya mchana wa jua la kuunguza.

Zoea mzigo kidogo kidogo. Kilo tatu mara moja kwa wiki, kisha nne, tano, hadi ufikie uzito wa mbio katika mazoezi machache tu ya mwisho. Kukimbia kila siku na begi zito hakukupi nguvu zaidi. Kunaharibu mwendo na kuchosha magoti. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, juu ya kiuno. Ukiona ngozi imechubuka begani, chini ya mgongo au kwapani baada ya saa nne, hapo ndipo pa kubandika plasta kila asubuhi ya mbio.

Vifaa vya lazima usivichezee. Mwezi Mei 2021, katika mbio za milimani za kilomita 100 mkoani Gansu, China, mvua ya baridi na upepo mkali viliwakuta wakimbiaji waliovaa nguo nyepesi, na watu 21 walipoteza maisha. Koti la mvua, blanketi la dharura, filimbi na taa ya kichwani yenye betri za akiba ni vyepesi kuliko majuto. Jua pia ishara ya kuomba msaada milimani: mipulizo sita ya filimbi kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekujibu hupuliza mara tatu.

Miguu: kazi ya kila siku

Lengelenge halitokani na bahati mbaya. Ngozi inashikwa na soksi, mfupa unaendelea kusogea ndani, na tabaka za ngozi zinaachana. Unyevu na joto huharakisha. Kwa hiyo lengo lako ni kupunguza msuguano na kuifanya miguu iwe mikavu, siku zote, kuanzia miezi kabla.

Viatu viwe vikubwa kwa nusu saizi au saizi nzima, kwa kuwa miguu huvimba siku baada ya siku. Vijaribu jioni baada ya mazoezi marefu, ukiwa na soksi za mbio. Kwenye mchanga, shona au gundisha vifuniko vinavyoziba kabisa kati ya kiatu na kifundo. Punje chache za mchanga zinatosha kumaliza mbio. Soksi za vidole huwasaidia wanaopata malengelenge katikati ya vidole. Kucha zikate fupi na uzisugue kingo siku chache kabla ya kuanza. Sugu nene nazo zipunguze mapema, wiki kadhaa kabla, kwa sababu lengelenge chini ya sugu ni gumu kulifikia.

Plasta ya michezo bandika kwenye ngozi kavu, safi, isiyo na mafuta, pembe zake ukizikata kwa mviringo ili zisijikunje. Ukiweza, bandika usiku ili gundi ishike. Sehemu zisizo na plasta zipake mafuta mazito ya kuzuia msuguano, lakini usiyachanganye mahali pamoja, kwa sababu plasta haishiki juu ya mafuta.

Ukiwa njiani ukahisi mahali panaanza kuchoma, simama. Palepale. Dakika tano za kutoa punje ya mchanga na kubandika plasta zinaokoa siku mbili. Hakuna ushauri unaojulikana na kupuuzwa kwa pamoja kuliko huu.

Lengelenge likishajaa na linauma, nawa mikono, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, toboa kwa sindano safi mara mbili au tatu ukingoni upande wa chini, kamua taratibu, na uache ngozi ya juu mahali pake. Weka dawa, funika kwa kipande kisichoshika ngozi, kisha plasta juu yake. Lenye damu liache kama linavumilika, maana hatari ya uambukizo ni kubwa zaidi. Wekundu unaotambaa, usaha au homa ni kazi ya daktari wa mbio, siyo yako.

Kwenye mbio za matope na mvua, adui ni ngozi iliyolowa hadi ikanyauka na kuwa nyeupe. Paka mafuta mazito asubuhi, na usiku miguu ikae mikavu kabisa kwa saa nyingi kadiri utakavyoweza, ndani ya soksi ambazo hazitoki kambini.

Kula ukiwa huna hamu

Hutaweza kurudisha kalori zote unazotumia. Kubali hilo, kisha upunguze pengo. Njiani, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Waliouzoesha utumbo kwa mchanganyiko wa glukosi na fruktosi hufika 90, kwa sababu sukari hizo mbili hupita milango tofauti ya utumbo. Utumbo hufundishwa kama misuli, kwa hiyo anza kula hivyo kwenye Jumamosi zako miezi mitatu kabla.

Ukibeba chakula mwenyewe, kipimo ni kalori kwa gramu. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu, wanga na protini 4. Kwa siku 7 za kalori 2,500, chakula chenye wastani wa kalori 4 kwa gramu kitakuwa na uzito wa karibu kilo 4.4, chenye kalori 5, kilo 3.5. Njugu, siagi yake na mafuta ya zeituni hupandisha wastani huo. Chakula kilichokaushwa kinachoongezwa maji ya moto hukamilisha jioni.

Lakini hesabu nzuri isiyoliwa ni uzito mtupu. Kufikia siku ya tatu wengi hawataki tena kitu chochote kitamu. Pakia vya chumvi zaidi ya unavyodhani utahitaji, vya kutafuna na vya kunywa, na hakuna vitu viwili vya ladha ileile mfululizo. Gawanya kila siku kwenye mfuko wake, uondoe makaratasi ya ziada, na mfuko wa siku ya mwisho uwe mdogo kuliko mingine.

Maji, chumvi na jua

Kunywa unapoona kiu, na ukiwa kwenye joto kali usiiache kiu ikae. Usijilazimishe kunywa kwa ratiba kubwa uliyosoma mahali. Kunywa kupita kiasi huzimua sodiamu (chumvi) ya damu, na ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita mtu anaweza kupata kichefuchefu, maumivu ya kichwa, vidole kuvimba hadi pete inabana, kuchanganyikiwa, na mwishowe degedege. Dalili za mwanzo hufanana na za kuishiwa maji, kwa hiyo wenzako wanaweza kukupa maji zaidi kwa nia njema na kukumaliza. Vidonge vya chumvi vina nafasi yake kwa anayetoka jasho jingi, ila havimkingi anayekunywa kuliko anavyopoteza.

Pima jasho lako nyumbani: jipime uzito ukiwa huna nguo kabla na baada ya saa moja ya kukimbia kwenye joto. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, kisha jumlisha ulichokunywa.

Mbio zikiwa za joto, mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za kulizoea: mazoezi mepesi ya saa moja hadi moja na nusu kwenye joto, kila siku au karibu kila siku. Jasho huanza mapema, ujazo wa damu huongezeka, mapigo hushuka. Anayeishi kwenye baridi anaweza kukaa kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 kwa dakika 20 hadi 40 mara tu baada ya mazoezi, akiwa na mtu karibu na akitoka akihisi kizunguzungu. Faida hiyo hupotea ndani ya wiki chache, kwa hiyo ifanye mwishoni mwa maandalizi.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ziache nyumbani. Zikichanganyika na joto, upungufu wa maji na misuli iliyoumia, zinaweza kuumiza figo. Mkojo wa rangi ya kahawia nzito baada ya siku ngumu ni sababu ya kumwona daktari usiku huohuo.

Njia na usiku

Usitegemee mgongo wa anayekutangulia. Mwaka 1994 Mwitaliano Mauro Prosperi alipotea kwenye dhoruba ya mchanga katika Marathon des Sables na kupatikana zaidi ya wiki moja baadaye, akiwa amevuka hadi Algeria. Weka ramani kwenye saa au simu, ujue kusoma dira, na ukipotea rudi ulikoona alama ya mwisho. Dhoruba ikija, kaa hapo ulipo.

Kimbia usiku mara kadhaa kwenye mazoezi, hasa ukiwa umechoka. Kama mbio hazisimami usiku, fanya pia jaribio la kulala dakika 20 kisha kuamka na kuendelea, ili ujue mwili wako unaitikaje. Mnamo Januari 2019, mwanamke aitwaye Jasmin Paris alishinda Spine Race ya Uingereza, takriban kilomita 430, akitumia saa 83 na dakika 12 na kuwatangulia wanaume na wanawake wote. Katika mbio za aina hiyo, dakika za kulala hupangwa kama za kukimbia.

Wiki mbili za mwisho

Punguza muda hadi karibu nusu, halafu theluthi moja, huku ukiacha vipande vichache vya kasi. Utajisikia mzito na kuanza kusikia maumivu yasiyokuwepo. Ni kawaida. Lala. Usijaribu kiatu kipya, kidonge kipya wala mlo mpya. Begi la mbio na viatu safiri navyo mkononi, visipotee na mizigo.

Siku za mbio zenyewe

Siku ya kwanza kila mtu ana nguvu, na wengi watakupita. Waache. Kasi yako iwe ile ambayo ungeweza kumaliza na bado ukapika chakula cha jioni bila kukaa chini kwanza. Tembea kila mlima, kula tangu nusu saa ya kwanza.

Ukivuka mstari, siku haijaisha. Umeingia sehemu yake ya pili. Utaratibu ni huu, nao ufuate hata ukitamani kujitupa chini. Kwanza kunywa na kula: wanga wa karibu gramu moja kwa kila kilo ya mwili wako, na gramu 20 hadi 30 za protini, ndani ya saa ya kwanza. Pili vua viatu na soksi, safisha miguu, ikague kidole kwa kidole, tibu kinachohitaji kutibiwa wakati bado kuna mwanga. Tatu badilisha nguo zilizolowa. Nne lala chali na miguu juu ya begi, dakika 15. Tano tembea kidogo ukiwa na ndala. Sita kula mlo wa jioni mapema. Saba panga begi la kesho, chakula cha njiani kiwe mifuko ya mbele, taa iwe mahali unapoweza kuishika gizani. Kisha ziba masikio na ulale, kwa sababu hema lenye watu wanane halikosi mkoromaji.

Asubuhi miguu itakataa. Dakika 20 za kutembea kabla ya mwanzo huifungua, na kilomita tano za kwanza uzipe msamaha: usiamue lolote kuhusu kujitoa ndani yake. Kujitoa kunaamuliwa na dalili: maumivu yanayobadilisha mwendo na kuongezeka, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, kifua kuuma. Huzuni na kukosa hamu mara nyingi ni njaa. Kula, subiri dakika 20, kisha ujiulize tena.

Baada ya kumaliza

Miguu na vifundo huvimba kwa siku kadhaa. Inua miguu, tembea polepole, na kwenye ndege simama mara kwa mara. Uvimbe wa mguu mmoja tu wenye maumivu kwenye kigimbi unahitaji daktari haraka, huenda ni damu iliyoganda. Wiki mbili za kwanza tembea, ogelea, endesha baiskeli taratibu. Kimbia tena kwa wepesi wiki ya tatu, na mazoezi makali yangoje hadi usingizi, hamu ya chakula na mapigo ya asubuhi yarudi kama yalivyokuwa. Daftari la uzito wa begi lijaze kabla hujasahau: kipi hukukitumia, kipi ulikiazima kwa jirani wa hemani, na chakula gani kilirudi nyumbani.